Kutafuta metali kwenye ufuo wa maji chumvi: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua mashine hadi kuosha ulichopata

Aliyezoea kutafuta metali bara, shambani au viwanjani, akiteremka ufuoni na mashine ile ile hukutana na kelele. Juu kwenye mchanga mkavu mashine imetulia. Akisogea hatua chache kuelekea majini inaanza kulia, kukatika na kulia tena, namba kwenye skrini zinaruka ovyo, akichimba hapati kitu. Wengi hudhani mashine imeharibika. Haijaharibika, inasikia chumvi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza, au aliyekwisha kununua mashine ikamshinda. Nitakaa zaidi kwenye mambo mawili yanayopuuzwa, yaani kuielewa chumvi na kuusoma mchanga. Hayo mengine ni mazoea tu.

Chumvi inafanya nini hasa

Koili, lile duara la chini ya fimbo, hutoa uga wa sumaku unaobadilika mfululizo. Uga huo ukikutana na kitu kinachopitisha umeme, ndani ya kitu hicho huzaliwa mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake, na huo ndio koili inausikia. Kwa hiyo mashine haiijui metali. Inachokijua ni kitu kinachopitisha umeme au kinachoshika sumaku.

Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi katika kila lita, na hupitisha umeme zaidi ya mara mia kuliko maji ya mto wa kawaida. Mchanga uliolowa maji hayo, machoni pa mashine, ni bamba moja kubwa, pana, linalopitisha umeme kwa unyonge. Ishara yake huangukia sehemu ya chini kabisa ya kipimo, yaani zile namba za skrini zinazokisia aina ya metali. Na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu sehemu hiyo hiyo ndiyo makazi ya foili, vipande vyembamba vya aluminiamu, na pia mikufu myembamba ya dhahabu na hereni ndogo.

Hili ukilishika, mengine yote yatakuingia. Chumvi na dhahabu ndogo ni majirani. Huwezi kuinyamazisha chumvi kabisa bila kuinyamazisha na dhahabu ndogo. Kila kitufe utakachobonyeza ufuoni ni biashara: unapata utulivu, unatoa kitu. Anayetaka mashine kimya kama kaburi atarudi na sarafu na pete nene tu, na mikufu ataiacha chini ya nyayo zake.

Mkufu wenyewe una mkasa wa pekee. Mashine haiuoni kama kitu kimoja kirefu. Pete zake ndogo zinagusana kwa ulegevu, umeme hauzunguki vizuri kutoka moja hadi nyingine, hivyo mashine husikia kila kipete peke yake. Mkufu wa gramu nyingi unaweza kutoa sauti hafifu kuliko sarafu moja nyepesi. Mara nyingi kinachosikika ni kifungo chake tu.

Kusikia kisichotakiwa ni ugonjwa wa tangu zamani katika vifaa hivi. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kifaa cha aina hii kutafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, akashindwa. Sababu mojawapo inayotajwa ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa.

Mashine ipi

Ziko familia tatu, na tofauti yake kwenye maji chumvi ni kubwa kuliko matangazo ya biashara yanavyokubali.

Ya kwanza ni mashine ya masafa mamoja. Inatoa wimbi la kiwango kimoja, tuseme kilohezi 7 au 15. Kwenye mchanga mkavu inafanya kazi vizuri kabisa, na kama bajeti ni ndogo unaweza kuanza nayo na kubaki juu kwenye mkavu. Ukishuka kwenye mchanga mbichi italia. Masafa yakiwa ya chini, chumvi inasumbua kidogo. Yakiwa ya juu, inasumbua sana. Mashine iliyotengenezwa kutafuta chembe za dhahabu machimboni kwa kilohezi 40 na kuendelea ni chaguo baya kwa mchanga wa maji chumvi, hata kama jina lake lina neno dhahabu.

Ya pili ni mashine ya masafa mengi kwa wakati mmoja. Hutuma viwango kadhaa pamoja, inalinganisha majibu, na kwa ulinganifu huo inaweza kuitoa chumvi kwenye hesabu huku ikiendelea kukupa namba ya utambulisho. Kampuni ya Minelab walianza njia hii zamani na mashine yao ya Sovereign, wakaja na Excalibur ya kuzamia, halafu Equinox iliyotoka mwaka 2018 ikafanya mashine za aina hii zienee kwa watu wa kawaida. Nokta na Garrett nao wana zao. Mtu akiniuliza anunue ipi kwa ajili ya ufuo wa chumvi na anataka mashine moja tu, jibu langu ni hii familia ya pili, bila kusitasita. Angalia tu kwamba kweli inatumia masafa mengi *kwa pamoja*. Zipo zinazokuruhusu kuchagua moja kati ya masafa kadhaa. Hiyo bado ni mashine ya masafa mamoja.

Ya tatu ni mashine ya mapigo, kama Garrett Sea Hunter. Hii haitumi wimbi endelevu. Inapiga pigo fupi lenye nguvu, inanyamaza, inasikiliza, kisha inapiga tena, mamia hadi maelfu ya mara kwa sekunde. Mwangwi wa chumvi hufa haraka sana baada ya pigo, wa metali hukawia kidogo. Mashine ikisubiri sehemu chache za milioni ya sekunde kabla ya kusikiliza, chumvi imeshakufa. Ndiyo maana mashine hizi huenda chini sana na hazibabaishwi na mchanga mweusi wenye madini ya chuma, ambao ukichanganyika na chumvi huzishinda mashine nyingi nyingine. Kasoro yake ni kwamba haitofautishi vizuri chuma na metali nyingine. Utachimba kila msumari, kila ndoana, kila pini ya nywele. Kwenye ufuo safi ni silaha. Kwenye ufuo uliojaa vyuma chakavu utaichukia kabla ya jua kuwa kali.

Jambo moja la kuuliza kabla ya kulipa: maji yanaruhusiwa kufika wapi? Mashine nyingine koili tu ndiyo isiyoingia maji, kisanduku cha juu kikipigwa na wimbi kimekwisha. Nyingine zinazama mita 3 au 5. Excalibur II imetengenezwa kwa mita 66. Kwa mtu wa ufuoni mita 3 zinatosha, lakini sifuri haitoshi, hata kama nia yako ni kubaki mchangani. Wimbi halikuulizi nia yako.

Vifaa vingine

Koleo la matundu ni kifaa cha pili kwa umuhimu baada ya mashine. Kwa mchanga mkavu koleo dogo la mkono linatosha. Kwa mchanga mbichi na majini unahitaji koleo la chuma kisichoshika kutu, lenye mpini mrefu unaofika kiunoni na mahali pa kukanyagia kwa mguu. Koleo la plastiki kwenye mchanga mzito litavunjika. Matundu ya karibu milimita 12 hupitisha mchanga haraka, ila hereni ya kifungo nayo hupita. Sauti ikiwa ndogo na ya juujuu, mimina mchanga pole pole na uchunguze ulichomwaga.

Hedifoni ni lazima, kwa sababu mawimbi na upepo huzimeza sauti hafifu, na sauti hafifu ndizo unazozifuata. Mfuko wenye sehemu mbili, moja ya takataka na moja ya vilivyo bora, wenye zipu. Glovu. Viatu vyenye soli ngumu. Maji ya kunywa na kofia. Basi.

Ruhusa kabla ya safari

Ufuo ni wa mtu au wa dola. Katika nchi nyingi mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na maji una mwenyewe tofauti na ule mkavu wa juu, kwa hiyo ruhusa ya hoteli haimaanishi ruhusa ya eneo lote hadi majini. Sheria zinatofautiana sana. Ufaransa imekuwa na sheria ya mwaka 1989 inayodai kibali kwa anayetumia mashine kutafuta vitu vya kale. Uingereza, kitu kinachotoka kwenye meli iliyozama lazima kiripotiwe kwa ofisa anayeitwa Receiver of Wreck ndani ya siku 28. Marekani, hata kuwa na mashine hii ndani ya hifadhi ya taifa kumekatazwa, ukiacha iliyofungwa ndani ya gari kwa namna isiyotumika. Na mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unalinda mabaki ya kale yaliyokaa chini ya maji kwa miaka 100 au zaidi.

Uliza halmashauri au mamlaka inayosimamia ufuo unaoutaka, pata jibu, ikiwezekana kwa maandishi. Kaa mbali na maeneo ya magofu, mabaki ya meli, na sehemu zilizozungushiwa alama za mayai ya kasa.

Maji kupwa, maji kujaa

Bila jedwali la maji unapoteza petroli. Sehemu nyingi bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa karibu saa 24 na dakika 50, ndiyo maana saa za kupwa husogea mbele kila siku. Unachokitaka ni kupwa, na kupwa bora ni kwa bamvua, siku zinazozunguka mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pale maji yanapojaa sana na kutoka sana. Siku hizo bahari hukufunulia mchanga ambao siku nyingine uko chini ya kiuno. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo na mchanga unaofunuliwa ni ule ule ambao kila mtu ameupitia.

Fika kama saa mbili kabla ya kupwa kabisa. Anzia juu, fuata maji yanavyotoka, ukiwa umefika chini kabisa wakati yanapogeuka. Kisha rudi nayo ukipanda. Kumbuka kuangalia nyuma: kwenye ufuo ulio bapa maji huweza kuingia kupitia bonde lililo kati yako na nchi kavu na kukuacha kwenye kisiwa cha mchanga kabla hujatambua.

Kuusoma mchanga

Hapa ndipo watu wawili wenye mashine moja hutofautiana, mmoja anarudi na pete, mwingine na vizibo.

Anza na uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3. Dhahabu ya karati 18 ni karibu 15. Risasi, ile metali, ni 11.3, fedha 10.5. Mchanga wa kawaida wa kwatzi ni 2.65, na aluminiamu ni 2.7. Tazama hizo mbili za mwisho. Aluminiamu ni nzito sawasawa na mchanga, kwa hiyo bahari huibeba pamoja na mchanga, ikaitupa popote mchanga unapotupwa. Dhahabu haibebeki hivyo. Kila mchanga unapotikiswa na mawimbi, dhahabu huzama kidogo, na kidogo tena, mpaka ikute kitu kigumu: udongo wa mfinyanzi, mwamba, tabaka la makombe au changarawe. Hapo inakaa.

Ndiyo maana takataka unazozipata ni barua. Ukichimba mara kadhaa ukapata vipande vya makopo na foili tu, umesimama kwenye mchanga mpya mwepesi ulioletwa majuzi, na vitu vizito viko chini mno, koili haivifikii. Ondoka. Ukianza kupata chubwi za wavuvi, sarafu zilizoota kijani, mawe madogo mazito, punguza mwendo. Chubwi ni risasi, na mahali bahari ilipoiweka risasi ndipo inapoweka dhahabu. Watu huzitupa chubwi kwa hasira; mimi nikipata ya pili karibu na ya kwanza natia alama kwa koleo na kuanza kulizunguka eneo hilo kwa makini, maana mara nyingi vitu vizito hukaa katika mstari mmoja unaokwenda sambamba na maji.

Alama nyingine unaziona kwa macho kabla ya kuwasha mashine. Simama mahali pa juu utazame umbo la ufuo. Baada ya dhoruba, au siku kadhaa za mawimbi makali, bahari huukata mchanga na kuacha genge dogo, la goti au hata la kifua, lenye ukuta uliosimama wima. Mchanga uliokuwa umefunika vitu kwa miaka umeondoka usiku mmoja. Tembea chini ya genge hilo, kwenye sehemu bapa iliyo mbele yake. Usichimbe ukutani, genge linaporomoka, na mtoto wa mtu anaweza kuwa amekaa juu yake.

Tafuta mabonde. Kwenye mchanga unaofunuliwa na maji utaona mifereji na madimbwi yanayobaki na maji kupwa kukiisha. Vitu vizito huteleza kuelekea humo. Tafuta mahali changarawe na makombe mazito yamejikusanya, kwa sababu maji yaliyopanga mawe hayo kwa uzito yamepanga na vingine.

Halafu tumia kisigino. Kanyaga kwa nguvu. Kisigino kikizama kama kwenye unga, mchanga ni mpya, pita. Kikigonga kitu kigumu baada ya sentimita chache, na mchanga una rangi iliyokolea, umefika mahali pa kuwasha mashine kwa uzito.

Mchanga mkavu una mantiki nyingine, mantiki ya watu. Vitu havijasogezwa na maji, viko pale vilipodondoka: palipotandikwa taulo, chini ya nyavu za mpira wa wavu, kwenye ngazi za kushukia ufuoni, chini ya miti yenye kivuli, mbele ya vibanda vya vinywaji. Pete hudondoka zaidi majini, kuanzia kiunoni hadi kifuani, kwa sababu maji baridi hufanya vidole vinywee na mafuta ya jua huvifanya viteleze.

Kuiweka mashine sawa, hatua kwa hatua

Fanya haya ukiwa umeshafika kwenye mchanga mbichi, si kwenye gari.

1. Weka simu kwenye hali ya ndegeni au iache mbali. Simu mfukoni ni kelele ya bure.
2. Washa mashine, ishike koili ikiwa imetulia mahali ulipo, kisha tumia kitufe cha kuondoa mwingiliano wa umeme. Subiri imalize.
3. Chagua programu ya ufuo. Baadhi ya mashine zina mbili, moja ya mchanga mbichi na moja ya ndani ya maji. Usianze na ya shamba ukadhani utairekebisha.
4. Sawazisha mashine na ardhi. Tafuta mahali pasipo na metali, inua koili karibu hadi gotini na kuishusha mpaka ibakie kama sentimita 5 juu ya mchanga, mfululizo, kitufe kikiwa kimebonyezwa, mpaka sauti ya kupanda na kushuka ilingane. Kwa chumvi, namba utakayoipata huwa chini kabisa ya kipimo, usishtuke. Rudia kila unapohama kutoka mkavu kwenda mbichi, au mbichi kwenda majini.
5. Panda na usikivu mpaka mashine ianze kupayuka, kisha shuka taratibu huku unafagia, mpaka itulie kiasi cha kuvumilika. Usikivu wa juu kwenye mashine inayopayuka huona kina kidogo kuliko usikivu wa wastani kwenye mashine tulivu, kwa sababu wewe mwenyewe hutaisikia ishara ndani ya kelele.
6. Mchujo, yaani mpangilio wa kukataa aina fulani za metali, uache wazi. Kataa chuma tu, na hata hicho kidogo. Vishikio vya makopo ya soda na pete za dhahabu hutoa namba zinazoingiliana. Ukivichuja vishikio umezichuja pete.

Hatua ya saba ni ya kujifunza sikio, na sijui kwa nini wengi huiruka. Chukua pete ya dhahabu au ya bei nafuu yenye ukubwa huo, kishikio cha kopo, sarafu, na kipande cha mkufu. Kila kimoja kifunge kwa uzi imara wa rangi kali wenye urefu wa mkono, mwisho wa uzi ufunge kijiti kinachobaki juu. Vizike kwenye mchanga mbichi kwa sentimita 5, kisha 10, kisha 20. Pita juu yake kwa mipangilio yako. Badilisha usikivu, pita tena. Badilisha programu, pita tena. Utasikia mwenyewe kina ambacho mkufu unapotea huku sarafu bado ikilia. Baada ya hapo hutahitaji mtu wa kukwambia mipangilio mizuri.

Kama una mashine ya masafa mamoja, hatua ni zile zile, ila usikivu utaushusha sana, na huenda usawazishaji wa kiotomatiki ukashindwa kabisa. Tumia wa mkono. Ikikataa, panda juu kwenye mkavu.

Kufagia

Fagia ukitembea sambamba na maji, usipande na kushuka. Ukipanda na kushuka, unyevu wa mchanga unabadilika kila hatua, na chumvi inayobadilika ndiyo inayoliza mashine. Ukienda sambamba unabaki kwenye unyevu ule ule. Ukimaliza mstari, sogea nusu ya upana wa koili, rudi. Buruza koleo nyuma yako likuachie mstari wa kufuata.

Koili iwe juu ya mchanga kwa sentimita mbili tatu, bapa, urefu ule ule mwanzo hadi mwisho wa mkono. Wengi huinua koili inapofika pembeni, na kwenye maji chumvi kosa hilo linaadhibiwa mara mbili: unapoteza kina, halafu mabadiliko ya urefu yanaleta sauti za uongo. Mwendo uwe wa pole.

Sauti ya kweli ina kingo. Inaanza hapa, inaishia pale, inarudi ukifagia kutoka upande wa pili, na inabaki ukizunguka robo duara na kufagia tena. Ukiinua koili inafifia taratibu. Sauti ya chumvi imetanda, haina kingo, leo iko hapa na fagio linalofuata imehamia pembeni. Jihadhari pia na mashimo. Shimo lililoachwa wazi, hata nyayo nzito kwenye mchanga uliojaa maji, hubadilisha kiasi cha chumvi kilicho chini ya koili, na mashine hupiga kelele. Watu huchimba nyayo zao wenyewe.

Kuchimba

Ukishapata mahali, fagia kwa mtambuko, mstari mmoja kwenda na mwingine ukiukata, utie alama kwa kidole cha mguu kwenye makutano. Weka ncha ya koleo karibu sentimita 15 nyuma ya alama, usiiweke juu yake. Kanyaga, vuta, mwaga kando. Kabla hujachambua, pitisha koili kwenye shimo. Likinyamaza, kitu kimo kwenye rundo. Likiendelea kulia, chimba tena. Kwenye rundo, litandaze kwa mguu, fagia, gawa nusu, na uendelee hivyo.

Ukikipata, rudisha koili kwenye shimo mara moja zaidi. Bonde lililoshika kitu kizito kimoja huwa limeshika na kingine.

Kisha fukia. Kila shimo, hata kama pwani ni tupu. Mtu anayekimbia gizani huvunjika mguu, na vitoto vya kasa vikitumbukia havitoki.

Sauti kubwa sana, ya upana wa zaidi ya koili, mara nyingi ni kopo au bati. Chimba mpaka ujue. Isipokuwa kwenye fuo zilizopiganiwa vita au zilizotumika kwa mazoezi ya jeshi: ukiona kitu cha chuma chenye umbo la risasi kubwa, bomba au yai lenye kutu, acha hapo hapo, usikiguse wala kukisafisha, weka alama kwa mbali na uite polisi.

Ndani ya maji

Anzia magotini, uzoee, usivuke kiuno siku za mwanzo. Usiingie peke yako. Geuza uso baharini, wimbi likija simama kiubavu. Buruza miguu badala ya kuinua, ili samaki taa aliyelala mchangani akimbie kabla hujamkanyaga. Maji yanayotembea juu ya koili huleta kelele, kwa hiyo usikivu ushushe tena na koili iwe karibu kugusa mchanga muda wote.

Kuchimba majini kunahitaji haraka, shimo linajaa lenyewe. Ukitambua mahali, weka mguu hapo kama alama, koleo mbele ya kidole, kanyaga lizame lote, egemeza mpini nyuma, inua. Tikisa koleo ndani ya maji mchanga utoke.

Mkondo ukikuvuta kwenda kilindini, usipigane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi. Mashine iache iende kama inakuzamisha.

Baada ya kutoka

Chumvi inaendelea na kazi ukiwa umelala. Suuza mashine yote kwa maji yasiyo na chumvi, yanayotiririka kwa upole. Maji ya presha husukuma chembe za mchanga kwenye mipira ya kuzibia. Toa kifuniko cha koili, mchanga uliojificha humo hukwaruza na kuleta sauti za uongo. Vuta fimbo zote zitengane, suuza kila moja, zikauke kabla ya kuunganisha. Tundu la kuchajia likaushe kabisa kabla ya kuingiza waya, la sivyo vikonektia vitaliwa. Mipira ya kuzibia maji ifute, itazame kama ina unywele au chembe, na uipake grisi ya silikoni kidogo kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza.

Vitu ulivyopata visubiri kwenye maji matamu. Dhahabu bahari haiiharibu: sabuni ya maji, mswaki laini, inarudi kama ilivyokuwa. Fedha hutoka nyeusi. Pete ya kisasa ya fedha unaweza kuiweka kwenye bakuli lililotandikwa foili ya aluminiamu, ukamwaga maji ya moto yenye kijiko cha magadi ya kuokea. Weusi huhamia kwenye foili. Usiifanyie hivyo yenye vito. Sarafu ya zamani usiisugue kabisa, maana thamani yake imo kwenye ile ngozi unayoiona kama uchafu.

Pete ya ndoa yenye majina na tarehe ndani bado ni mali ya mtu. Toa taarifa polisi au kwa wasimamizi wa ufuo, tangaza bila kueleza maandishi yote yaliyo ndani, na mwenye kudai akutajie yeye.

Chuma cha kale kilichokaa baharini ndicho kigumu kuliko vyote. Kikikauka, chumvi iliyo ndani yake huganda na kukipasua kutoka ndani, na ndani ya wiki chache huwa vipande. Kama kina dalili za ukale, kiache kilipo, piga picha, toa taarifa kwa idara ya mambo ya kale. Kama kimeshatoka, kiweke kwenye ndoo ya maji kikiwa kimezama chote, na kibaki hivyo mpaka mtaalamu akione.